Simulizi Mimbarini: Kidole na Nyota



Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo linalotugusa sote tunaokusanyika kila Dominika mbele ya meza mbili, meza ya Neno na meza ya Ekaristi. Jambo lenyewe ni nafasi ya hadithi katika ibada na mahubiri yetu. Je, padre akipanda mimbarini na kuanza kusimulia kisa, analihudumia Neno la Mungu au analifunika? Wako waamini wanaosema kwamba mahubiri yasiyo na hadithi ni makavu kama dagaa wa juzi. Wako wengine, hasa wazee wetu, wanaosema kwamba altare si mahali pa ngano. Sisi tunaandika kama watu wenye deni, kwa maana tumekosea katika jambo hili hili, na kosa letu ndilo lililotufundisha.

Ilikuwa Dominika ya 12 ya Mwaka B, mwezi Juni 2024. Masomo ya siku ile yanazungumza lugha ya watu wa ziwani tangu mwanzo hadi mwisho. Ayubu anamsikia Mungu akiieleza bahari iliyowekewa mipaka (Ayu 38:1, 8-11). Zaburi ya 107 inawakumbuka wasafiri wa majini wanaopandishwa na kushushwa na mawimbi mpaka mioyo yao inayeyuka. Na Injili inatuletea tufani ile ambayo Yesu alilala usingizi shetrini (Mk 4:35-41). Sisi, katika haraka ya juma lenye kazi nyingi, tulichukua kutoka kitabu kimoja cha mahubiri cha ng'ambo hadithi ambayo wengi wenu mmekwisha kuisikia. Meli inapigwa na dhoruba, abiria wanalia, na mtoto mmoja anaendelea kucheza bila hofu. Akiulizwa kwa nini haogopi, anajibu kwamba nahodha ni baba yake. Tuliisimulia vizuri. Watu walitabasamu. Tukahitimisha kwa kusema kwamba yule ambaye Baba yake ni nahodha hawezi kuzama.

Baada ya Misa, mama mmoja alitungoja mlangoni pa sakristia. Alisubiri mpaka watumishi wa altare wametoka wote. Alitusalimu, tukamkaribisha, naye akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Padre, mdogo wangu alipanda MV Bukoba. Dominika iliyotangulia alikuwa amesoma somo kanisani kwetu. Sasa naomba unieleze, nahodha wake alikuwa nani?"

Hatukuwa na jibu.

Kwa ajili ya vijana waliozaliwa baadaye, tukumbushe kwamba meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa maji, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma, mwendo mfupi kwa daladala kutoka hapa Mabatini. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Katika kanda yetu hii ya ziwa ni vigumu kuhubiri mbele ya watu mia moja asiwepo hata mmoja anayemlilia ndugu, jirani au mwenzake wa kazi aliyechukuliwa na maji. Na sisi, mbele ya watu hao, tulisema kwamba mtoto wa nahodha hazami.

Ndugu wapendwa, usiku ule tulirudi kwenye Injili yenyewe, tukaisoma polepole kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Tuliona mambo matatu tuliyokuwa tumeyaruka. La kwanza: Yesu hakuwa nahodha katika mtumbwi ule, alikuwa abiria aliyechoka, amelala juu ya mto. La pili: Marko anataja kwamba palikuwa na vyombo vingine pamoja naye (Mk 4:36), kisha havitaji tena, msomaji wa ziwani hawezi kuvisahau vyombo vile. La tatu, na hili ndilo lililotuchoma: wanafunzi walipomwamsha hawakumwomba kwa maneno laini. Walimwuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Swali la mama yule mlangoni pa sakristia lilikuwa ndilo swali la Injili ya siku ile! Liliandikwa pale, mbele ya macho yetu, katika aya ya 38, na sisi tulilifunika kwa hadithi nzuri ya mtoto na meli.

Hapo ndipo tulipoikumbuka methali ya Wasukuma, isemayo kwamba nilikuonyesha nyota, wewe ukatazama ncha ya kidole changu. Hadithi mimbarini ni kidole. Kazi yake ni kuonyesha nyota, yaani Neno la Mungu. Kidole kikiwa kizuri mno, kikavikwa pete na kupakwa rangi, watu watakitazama chenyewe na kurudi nyumbani bila kuiona nyota. Na kidole kikielekezwa upande usio wake, wataipoteza njia kabisa.

Je, basi tuache kusimulia? Hapana! Tukiacha kusimulia tutakuwa tumemwacha Kristo mwenyewe. Mtakatifu Marko anatueleza kwamba Bwana alisema na makutano kwa mifano mingi kadiri walivyoweza kusikia, wala pasipo mfano hakusema nao (Mk 4:33-34). Naye hakuisimulia mifano hiyo jumba la wasomi tu. Aliketi ndani ya mtumbwi, watu wakiwa ufukoni (Mk 4:1). Alisema juu ya mbegu, chachu, kondoo, taa, jarife lililotupwa baharini likakusanya samaki wa kila namna (Mt 13:47). Mvuvi wa Igombe au Kayenze anayesikia habari za jarife hahitaji maelezo marefu. Anajua maana ya kukaa ufukoni na kutenganisha samaki wa kuuza na wa kutupa.

Biblia yenyewe, kabla ya kuwa kitabu, ilikuwa simulizi. Kitabu cha Kutoka kinaagiza kwamba watoto watakapouliza maana ya ibada ya Pasaka, wazazi wawaeleze namna Bwana alivyopita juu ya nyumba za Waisraeli kule Misri (Kut 12:26-27). Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mtoto anauliza, mzazi anasimulia, na katika kusimulia ibada inapata uhai. Nasi tukiadhimisha Ekaristi tunafanya vivyo hivyo: katikati ya sala kuu ya Misa, padre anasimulia habari za usiku ule ambao Bwana alitwaa mkate. Imani yetu haikuanza kwa fasili ya kamusi. Ilianza kwa watu walioona na kushika kwa mikono yao, wakaenda kuwasimulia wengine.

Kwa watu wa Usukuma jambo hili si geni. Wazee wetu wanaikumbuka shikome, ule moto wa jioni uani, mahali ambapo mababa na vijana walikaa baada ya kuingiza ng'ombe zizini. Pale palikuwa shule. Mtoto alijifunza ukoo wake, heshima, ujasiri na ujanja wa sungura bila kuona ubao wala chaki. Mmisionari aliyekuja na vitabu vyake na kuipita shikome bila kuketi, alipita shuleni bila kujua.

Tunamshukuru Mungu kwamba wako waliojua kuketi. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alijenga pale Bujora, karibu na Kisesa, kanisa la mviringo lililofuata umbo la nyumba ya jadi ya Kisukuma, na kando yake makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma. Ngoma za Bulabo, ambazo huwakutanisha Bagika na Bagalu, ziliunganishwa na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na mpaka leo watu humiminika Kisesa mwezi wa Juni. Baadaye mapadre wawili Wamaryknoll, Donald Sybertz na Joseph Healey, pamoja na makatekista na wazee wa Usukuma, walikusanya methali, vitendawili, nyimbo na hadithi, wakazitazama katika mwanga wa Injili. Mwaka 1984 walitoa kwa Kiswahili kitabu "Kueneza Injili kwa Methali", na mwaka 1996 wakatoa kwa Kiingereza kitabu kikubwa juu ya teolojia ya Kiafrika inayotumia masimulizi. Kwa hiyo vyuo vikuu vya mbali vinajifunza leo kutokana na midomo ya wazee wa Shinyanga na Mwanza, huku sisi tulio hapa hapa tukiagiza hadithi zetu kutoka ng'ambo!

Mwaka huo huo wa 1996, Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho walichapa tenzi za Mwalimu Julius Nyerere, ambamo aliziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika beti za Kiswahili. Kiongozi aliyestaafu, mwana wa Butiama upande wa pili wa ziwa hili hili, alikaa chini na kuhesabu mizani ili Habari Njema ipite masikioni mwa Waswahili kwa mapigo wanayoyapenda. Tuwaulize wanakwaya wetu na walimu wa dini: ni wangapi kati yetu tumewahi kuzifungua tenzi zile? Ziko kimya makabatini, nasi tunalalamika kwamba vijana hawapendi Maandiko.

Mama Kanisa naye ametuelekeza waziwazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Askofu wetu wa wakati ule, Joseph Blomjous, alishiriki, ulitoa Hati juu ya Liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Humo tunafundishwa kwamba hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi, na kwamba homilia ni sehemu ya Liturujia yenyewe, nayo ichote maji yake kwanza katika Maandiko na katika Liturujia. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2013 juu ya Furaha ya Injili, alikiri kwa ucheshi wake kwamba homilia huwatesa watu wa pande mbili, waamini katika kuisikiliza na mapadre katika kuitoa. Alitushauri tutumie picha zinazoeleweka, zilizo karibu na maisha ya watu. Na mwezi huo huo wa Juni 2024 tuliokosea sisi, alisema kwamba homilia isizidi dakika nane, watu wasije wakasinzia. Tukumbuke kijana Eutiko kule Troa, aliyekaa dirishani huku Paulo akiendelea kuhubiri mpaka usiku wa manane, akazidiwa na usingizi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Mdo 20:7-12). Mtume Paulo aliweza kumrudisha hai. Sisi mapadre wa leo tusijaribu.

Kutokana na hayo, tungependa kutoa maoni yetu, kwa ndugu zetu mapadre, mashemasi na makatekista, na pia kwenu waamini mnaotusikiliza.

Kwanza, safari ianze kwenye Neno, isianze kwenye hadithi. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaipata hadithi tamu siku ya Jumatano, kisha Jumamosi jioni tunaitafutia nafasi katika Injili, kama mtu aliyenunua kufuli na sasa anatafuta mlango. Kama tungaliisoma aya ya 38 kwa makini, tusingalimhitaji mtoto yule wa melini. Andiko lenyewe lilikuwa na simulizi iliyotosha, tena yenye kuumiza na kuponya kuliko yetu. Mara nyingi hadithi iliyo bora zaidi kwa mahubiri ya siku ni ile iliyokwisha kusomwa. Kazi ya mhubiri ni kuisimulia tena polepole, ili mtu aone mto aliolalia Yesu na kusikia maji yakiingia mtumbwini.

Pili, hadithi itoke karibu. Bwana Yesu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, hakuenda kutafuta kisa cha Roma wala cha Athene. Alitaja barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko (Lk 10:30), njia ambayo wasikilizaji wake waliijua na kuiogopa. Nasi tunazo njia zetu. Tunao mto Mirongo unaopita katikati yetu, na mvua zikizidi unaingia ndani ya nyumba za watu. Tunao akina mama wanaopanda milima hii ya mawe na ndoo kichwani, vijana wa bodaboda wanaokesha kituoni, wavuvi wanaotoka na taa jioni kufuata dagaa na kurudi alfajiri. Kama Injili haiwezi kupita katika njia hizi, itapita wapi?

Tatu, hadithi iwe ya kweli, au ijulikane wazi kuwa ni mfano. Siku hizi visa vya miujiza vinapita katika simu zetu kwa kasi ya upepo: picha iliyotoka damu, mtoto aliyerudi kutoka kuzimu, tajiri aliyekufa baada ya kumkufuru Mungu. Vingine tunavisikia hata mimbarini, vikisemwa kana kwamba msemaji alikuwapo. Tunasema kwa unyenyekevu: Neno la kweli halihitaji uongo ili lisimame. Kijana akigundua kwamba kisa cha padre kilikuwa cha kutungwa, kesho atauliza kama kaburi tupu nalo lilikuwa hivyo hivyo. Ngano ya sungura na fisi haina ubaya wowote, kwa sababu kila mtu anajua ni ngano. Hata Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyokwenda kujichagulia mfalme (Amu 9:7-15), na hakuna aliyedhani kwamba miti ilitembea. Ubaya ni kuvika ngano vazi la ushahidi.

Nne, hadithi isimwanike mtu. Hapa hatuzungumzii siri ya kitubio, ambayo kila padre anajua kwamba haiguswi kamwe. Tunazungumzia yale tunayoyasikia ofisini, katika jumuiya, kwenye misiba na nyumba zenye ugomvi wa ndoa. Padre anasema "mama mmoja wa mtaa fulani", na kabla hajamaliza sentensi benchi zima limekwisha kumgeukia mama huyo. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi alisimulia juu ya maskini na mwanakondoo wake mmoja (2Sam 12:1-7). Hakuisimulia sokoni bali mbele ya Daudi mwenyewe, na kisa kile kilimfikisha mfalme mahali pa kujihukumu kwa kinywa chake. Simulizi njema humwacha kila msikilizaji aseme moyoni, "Mtu huyo ni mimi." Simulizi mbaya humfanya aseme, "Mtu huyo ni jirani yangu." Sisi wenyewe tumekisimulia leo kisa cha mama wa sakristia kwa sababu alituruhusu, naye ndiye aliyesema kwamba jina lake halina kazi hapa.

Tano, kusimulia si kazi ya padre peke yake. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa uhai wa Kanisa katika kanda yetu. Katika jumuiya hizo tunasoma Injili ya Dominika kwa hatua saba, na mojawapo ya hatua hizo ni kushirikishana yaliyotugusa. Lakini tukubali, ndugu zangu, kwamba mara nyingi tunafika, tunasali rozari, tunakusanya michango ya harusi na ya ujenzi, tunasoma Injili kwa haraka na kutawanyika. Wazazi nao wamewaachia makatekista kazi yote. Mtoto anafika komunyo ya kwanza akijua kujibu maswali ya katekisimu, lakini hajawahi kusimuliwa na baba yake habari za Yosefu na ndugu zake. Hapa ndipo shikome ilipozimika. Tukiulizwa ni nani aliyeizima, tusikimbilie kuilaumu runinga.

Tunajua pingamizi la wazee wetu, nalo lina uzito. Wanasema kwamba hadithi zikizoeleka, waamini watakuja kanisani kama wanavyokwenda kwenye maonyesho. Watamsifu padre mchekeshaji na kumdharau padre mtulivu. Na siku isiyo na kichekesho watasema hawakulishwa. Ni kweli, na tumeyaona. Wako hata wanaohama parokia kwa ajili ya sauti ya mhubiri, na wengine wanaofuata vipaza sauti vya mikutano ya barabarani kwa sababu kule wanasimuliwa. Lakini jibu la njaa si kuificha sahani. Watu hawa wanatuonyesha kwamba wanatamani Neno liwaguse, na kama hatuwapi chakula wataokota makombo popote. Tunachowaomba waamini ni hiki: mkitoka kanisani, msiulizane kama padre alichekesha. Ulizaneni, Yesu alifanya nini leo? Mkiweza kuisimulia Injili ya siku kwa mtoto aliyebaki nyumbani, mahubiri yalikuwa mema, hata kama hamkucheka. Mkikumbuka kichekesho tu, tuambieni. Njooni sakristia, kama alivyokuja mama yule.

Turudi kwake, maana tulimwacha mlangoni. Juma lililofuata tulikwenda katika jumuiya yake. Hatukwenda na hotuba. Tuliomba radhi mbele ya wanajumuiya kwa yale tuliyosema, kisha tukaomba Injili ile ile isomwe tena, polepole, na kila mwenye la kusema aseme. Mzee mmoja aliyewahi kuvua alieleza namna upepo unavyogeuka usiku ghafla, na jinsi hata mvuvi mzoefu anavyopiga kelele, na kwamba wale mitume hawakuwa waoga bali walikuwa watu walioyajua maji. Mwanamke kijana aliuliza juu ya vile vyombo vingine, kama vilifika ng'ambo. Tulimwambia kwamba Injili haisemi. Palikuwa kimya kirefu.

Ndipo mama yule akaomba apewe Biblia. Akaitafuta aya ya 38 kwa kidole, akaisoma mwenyewe kwa sauti, akarudia mara ya pili. Hakutuambia kwamba uchungu umekwisha. Alisema tu kwamba kwa miaka 28 alidhani swali lake ni dhambi, akaliungama zaidi ya mara moja, na kumbe limo ndani ya Biblia, limesemwa na mitume, na Bwana hakuwatupa majini kwa kulisema. Aliamka, akaukemea upepo, kisha akawauliza juu ya imani yao. Hakushuka chomboni kuwaacha.

Sisi hatukuwa na la kuongeza. Tulifahamu kwamba Injili imehubiriwa jioni ile, na mhubiri hakuwa padre. Hadithi ya mtoto na nahodha tumeiweka kando; pengine inafaa mahali pengine, kwa watu wengine. Hapa Mabatini tunao waamini wanaozijua tufani zao, na Bwana aliyekubali kuingia katika chombo kimoja pamoja nao. Tukiwasimulia hayo kwa uaminifu, yatosha.

Dominika ijayo, kabla ya kutoka nyumbani, tafuteni Injili ya siku na kuisoma mbele ya watoto. Kisha ifungeni Biblia, na mmoja wenu aisimulie kwa maneno yake. Akisahau, mwingine amkumbushe. Huo utakuwa mwanzo wa kuiwasha tena shikome.

Mungu awabariki ninyi na familia zenu, awapumzishe kwa amani marehemu wetu wote waliolala katika maji ya ziwa hili, na Bikira Maria, aliyeyaweka mambo yote moyoni mwake na kuyatafakari, atuombee. Tukutane tena juma lijalo.

Tumsifu Yesu Kristo!